Boko boko la alfajiri, nyuma ya Mkunazini

Naanza na hukumu, ili mwenye haraka aisome akaendelee na shughuli zake: kwa boko boko la kununua, mjini Unguja sijaonja la kulishinda hili. Barazani linapouzwa hapana kibao wala menyu. Ukitokea soko la Darajani, ingia Mji Mkongwe kwa upande wa Mkunazini, kisha ulizia "boko boko la bi mkubwa" kwa yeyote anayetoka msikitini alfajiri. Utaonyeshwa uchochoro. Ukikosa wa kumuuliza, harufu ya vitunguu vinavyoiva kwenye samli itakufikisha.

Mie kazi yangu kutembeza wageni. Si papasi, wale wanaowaganda watalii bila kibali; nina kitambulisho changu cha Kamisheni ya Utalii, na vichochoro hivi vimeshanilia viatu vingi. Kwa kazi hiyo nakula nje kuliko ninavyokula kwangu, na boko boko nimelionja la kila sampuli: la harusini, la futari, la kuletewa na jirani siku ya Idi, na lile la hoteli moja ya pwani ya mashariki, jina nalistahi, lililoletwa ndani ya glasi ya aiskrimu likiwa limetiwa zabibu kavu juu. Lile la hotelini lilikuwa laini ajabu. Laini ya blenda. Nilikula nusu nikaomba chai.

Kwa asiyelijua, na wapo, hata ng'ambo ya pili Dar es Salaam wapo: boko boko ni ngano na nyama zilizopikwa pamoja usiku kucha mpaka zikakataa kutengana, kisha zikapondwa. Ndani yake mna chumvi, mdalasini, pilipili manga na hiliki kidogo. Juu yake humiminwa samli ya moto pamoja na vitunguu vilivyokaangwa na manjano mpaka vikawa rangi ya kahawia. Sura hana. Lipige picha uwezavyo, bado litatoka kijivu, na mgeni atakuuliza kama kuna mtu anaumwa. Mimi siku hizi siwaonyeshi picha. Nawapeleka tu wakiwa bado na usingizi.

Siri ya bi mkubwa iko kwenye uzi. Chota kijiko, kinyanyue taratibu kutoka kwenye sahani, na utazame. Boko boko lake halikatiki upesi. Linavutika, na ukiangalia vizuri unaziona nyuzi nyembamba za nyama zimepita ndani ya ngano, huku na huku, mpaka huwezi kuichomoa moja bila kuvuta nyingine. Ukilitia mdomoni halihitaji meno, lakini ulimi unazihisi zile nyuzi. Hapo ndipo blenda inapoaibika. Kisu chake kinazikata nyuzi zikawa unga, na kinachobaki ni uji wa nyama. Utashiba, sikatai, lakini utakuwa umekula kitu kingine.

Niliwahi kumwomba nije kuangalia anavyopika, akaniambia, "Njoo mwanangu, lakini usije na wazungu wako, usiku nakaa na kanga." Nikaenda peke yangu. Ngano alikuwa amekwisha kuiroweka tangu alasiri, ngano nzima iliyotolewa maganda. Baada ya Isha akabandika sufuria kubwa la shaba juu ya mafiga, nyama ya muundi pamoja na mifupa yake chini, ngano juu, maji mpaka yakafunika kwa kiganja. Moto wa kwanza ulikuwa wa kuni. Mara tu sufuria lilipochemka na povu likaenguliwa, alizivuta kuni zote nje akabaki na makumbi, yale maganda ya nazi yenye nyuzi. Asiyekulia kwenye minazi hajui kazi ya kumbi: haliwaki kwa fujo, linavuta moto ndani kwa ndani, linatoa moshi kuliko ndimi. Akafunika, akapalia makaa machache juu ya kifuniko, akaniambia nilale barazani.

Sikulala sana. Kila nilipofumbua macho nilimkuta ameinama anasikiliza. Hafunui sufuria, anasikiliza. Likianza kutokota kwa kelele anachomoa kumbi moja. Likinyamaza kabisa analirudisha. Kwenye saa tisa usiku mjukuu wake wa kiume akaamshwa, mifupa ikatolewa mmoja mmoja (hili ndilo linalotaka macho, maana kifupa kimoja kikibaki mtu atavunjika jino), na mwiko mkubwa ukaingia. Wakapokezana. Bi mkubwa anaponda kwa utulivu, anaukandamiza mwiko kwenye ukingo wa sufuria na kuuzungusha, kijana anaponda kwa nguvu mpaka anaambiwa, "Taratibu, hukutumwa kumuua." Adhana ya Alfajiri ilipoanza, lilikuwa tayari.

Na tusilipe sifa jiko kwa kila kitu, ziko sababu. Nyama ya muundi ni nyama ya kufanya kazi, imejaa yale mafundo meupe na mishipa ambayo kwenye mshikaki utaitafuna mpaka taya ziume. Ule ugumu ni kolajeni. Ikikaa kwenye joto la nyuzi 70 au 80 za Selsiasi kwa saa nyingi inayeyuka kidogo kidogo na kuwa gelatini, ule utelezi unaokugandisha midomo ukinywa supu ya makongoro. Moto mkali nao hukaza nyuzi za nyama na kuzikamua maji, ndiyo maana nyama iliyochemshwa kwa pupa hutoka kavu hata ikiwa imo ndani ya maji. Wenye jiko la presha wataniambia wao wanalainisha muundi kwa saa moja. Kweli, unalainika. Nimeyala ya presha kwa shemeji yangu Kiembesamaki na nyama ilikuwa laini. Ngano ndiyo ilikuwa bado inajitegemea: punje huku, nyama kule, wamekutana mlangoni tu. (Shemeji akisoma hapa anisamehe, pilau lake halina mfano.)

Sasa wageni. Nilianza kuwapitisha pale kwa sababu ya mnada wa samaki wa Malindi, hii Malindi yetu ya Mji Mkongwe, ambao mtu akitaka kuuona inabidi aamke na jogoo, na tumbo tupu pamoja na harufu ya papa haviendani. Sikutegemea kwamba karibu kila mmoja angekaa barazani kwa bi mkubwa na kudai chakula ni cha kwao.

Wa kwanza kunishangaza alikuwa bwana wa Kituruki. Alitia kijiko mdomoni, akakiweka chini, akamgeukia mkewe akasema "keşkek" kwa sauti ya mtu aliyekutana na ndugu yake bandarini. Kwao hupikwa harusini, ngano na nyama kwenye masufuria makubwa usiku kucha, na asubuhi wanaume wa kijijini huja kuiponda kwa nyundo za mbao huku ngoma na zumari vinalia. Mwaka 2011 UNESCO iliiandika kwenye orodha yake ya urithi wa utamaduni usioshikika. Yule bwana aliniomba nimwombee mwiko aponde kidogo. Bi mkubwa akanijibu bila kuinua macho: "Mwambie akae ale, baba wa watu. Mwiko huu haupokezwi mgeni." Nikatafsiri kwa upole zaidi.

Kisha akaja mwalimu wa kile chuo cha Wahindi cha Bweleo, IIT Madras, kilichofunguliwa 2023. Yeye mzaliwa wa Hyderabad, na Hyderabad kwa habari hizi si mji wa kuchezea: haleem yao, ndilo boko boko la kwao, hupikwa kwa muda unaofika saa 12 kwenye matanuri ya matofali kwa moto wa kuni, Ramadhani mji mzima unanukia, na jina lenyewe limesajiliwa tangu 2010 ili asije mwingine akaliuza la kwake kwa jina hilo. Ndani yake wanatia dengu, nanaa, korosho na pilipili. Alikula la bi mkubwa lote, akaomba ndimu, akakamulia, akatikisa kichwa. Uamuzi wake: la hapa limetulia, la kwao lina maneno mengi. Yeye ndiye aliyenieleza habari za Barkas, mtaa wa Hyderabad wenye watu wa asili ya Hadhramaut ya Yemen, wajukuu wa askari wa Kiarabu waliotumikia Nizam, mtawala wa huko. Mpaka leo mtaani humo wanauza harees ya asubuhi, nyeupe, bila makeke, ya ngano na nyama na samli.

Hapo nilinyamaza kidogo. Maana Wahadhrami hao hao ndio waliokuwa wakishuka Malindi na majahazi ya kaskazi, na ngano haioti Unguja wala Pemba, kila punje imeletwa na chombo. Pishi moja limepanda merikebu mbili tofauti. Kule likakutana na viungo vya mabara ya India, huku likakutana na kumbi la mnazi. Na asili yake ni ya mbali zaidi ya hao wote: mapishi yake yameandikwa tayari Baghdad karne ya 10.

Mgumu kuliko wote alikuwa bibi mmoja aliyekuja kutoka Muscat, mzaliwa wa hapa aliyeondoka akiwa mtoto, Kiswahili chake bado kina chumvi ya mtaa wa Ng'ambo. Harees kwao ni ya Ramadhani, Idi na harusi, na Oman, Saudi Arabia pamoja na Umoja wa Falme za Kiarabu waliiandikisha UNESCO kwa pamoja mwaka 2023. Visiwa vyetu havimo. Hakuna aliyetudhulumu, hatukupeleka jina, lakini mimi kila nikipita barazani pale linanikera. Bibi alikula akasema: "Zuri. Ila samli mnaibania." Bi mkubwa, ambaye kwa kawaida hajibu mteja, alichota upawa wa pili akammiminia mpaka ukingoni mwa sahani. Bibi akasema sasa ndiyo. Kisha wakazungumza shuwa saa nzima, nyama ya Idi ya Oman inayopakwa viungo, ikafungwa kwenye majani, ikafukiwa kwenye shimo la makaa siku moja au mbili, na mtaa mzima unashirikiana shimo moja. Watalii wangu wengine wawili walikuwa wanangoja Malindi. Samaki walikwisha kuuzwa.

Kuna na yule kijana wa Marrakesh, ambaye boko boko halikumgusa sana (alisema linataka kamuni zaidi), ila maneno yake sijayasahau. Kwao kuna nyama inaitwa tangia. Unaitia kwenye mtungi wa udongo na viungo na malimau ya chumvi, unaufunga mdomo kwa karatasi na kamba, unaupeleka kwenye hamamu ya mtaa, na yule anayechochea tanuri la maji ya kuogea anaufukia kwenye majivu ya moto. Unarudi baada ya saa kadhaa kuchukua chakula. Tulikuwa tunapita Hamamni wakati ananieleza. Nimewatembeza watu ndani ya bafu lile la Sultani Barghash miaka nenda rudi, nikiwaonyesha vyumba vya joto na mabirika makavu, na haikunijia hata siku moja kujiuliza majivu ya pale yalikuwa yakienda wapi.

Si kila mtu anapenda. Kijana mmoja wa Kijerumani alionja, akatabasamu, akanywa maji mengi. Wapo wasioweza kula kitu kisicho na cha kutafuna, na simlaumu mtu kwa hilo.

Wenyeji ndio foleni yenyewe: wachukuzi wa bandarini kabla ya boti ya kwanza, madereva wa daladala, walinzi wanaotoka lindo, wazee waliokwisha kuagana na meno yao, na mama wenye watoto waliolala mabegani. Hakuna anayezungumza sana. Bi mkubwa anapakua kwa upawa mmoja uliojaa, anaubonyeza katikati kwa mgongo wa kijiko ili kupatikane kishimo, anamimina samli kwenye kishimo, anatupia vitunguu. Ukimwambia "bi mkubwa, kidogo tu", anakupa kile kile. Kahawa haiuzi yeye; kuna mzee wa kahawa chungu hatua chache mbele, na kikombe kimoja baada ya samli ile ni lazima, vinginevyo kazi hutaifanya.

Sufuria likikaribia kwisha unasikia mwiko unakwangua chini. Ule ni ukoko. Umekauka kidogo, una ladha ya moshi wa makumbi na nyama iliyoungua kwa adabu, na kwangu mimi ndio bora kuliko kilichokuwa juu yake. Hauuzwi. Unagawiwa watoto wanaokwenda chuoni kusoma Kurani, na mtu mzima akitaka inabidi awe na haya kidogo tu. Mimi ninazo kidogo tu.

Kasoro zipo. Chumvi haitabiriki, kuna siku sahani inakuwa sawa sawa na kuna siku utatafuta maji mpaka adhuhuri, na nadhani inategemea mjukuu ndiye aliyetia au yeye mwenyewe. Viti hakuna, ni baraza tupu, na mvua ya masika ikinyesha mnajibana ukutani mnakula wima. Sahani za bati zinaoshwa kwenye beseni moja. Maji yanabadilishwa, nimeona, lakini mwenye wasiwasi aje na chombo chake. Samli ya ng'ombe ikiadimika anachanganya na ya kopo bila kusema, na mwenye ulimi atajua. Na hafungui kila siku. Hakuna tangazo. Akichoka amechoka, mlango unabaki umefungwa, na wewe umesimama uchochoroni na wageni watano wenye njaa mnatazamana. Bei nayo imepanda: sahani sasa ni 3,000. Sioni pa kulalamika kwa chakula cha usiku mzima, lakini wachukuzi wanalalamika, nao ndio wanaomweka mjini.

Wengine wameanza kuuza boko boko jioni mitaa ya karibu, na mmoja ana meza, taa na kiti. Ni zuri kiasi, na kwa asiyeweza kuamka litamfaa. La kwake halina uzi.

Kwa anayekwenda: fika kabla ya saa moja asubuhi, saa mbili sufuria limekwisha kuoshwa. Jumatatu ndiyo siku anayofunga mara nyingi. Kubeba nyumbani njoo na hotipoti, maana mifuko ya plastiki hana na asingekupa hata angekuwa nayo. Ya ukubwa wa kati anaijaza kwa 10,000. Mwezi wa Ramadhani anahama saa, anapakua baada ya alasiri kwa ajili ya futari, na hapo bila kuweka oda siku moja kabla usijisumbue. Oda unaweka kwa mdomo, anaishika kichwani, na hajawahi kuisahau ya mtu. Usimpe noti kubwa alfajiri. Chenji hana, atakuambia utalipa kesho, na kesho utarudi.